Mikono Mingi Juu ya Kisu Kimoja

Watu wa mtaa wa Kasulo walimwita Mama Gato, yaani mama wa keki. Jina lake la ubatizo, Noëlla Tshibola, walilisikia kanisani tu, padri akisoma nia za misa. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu aliyeko barabara ya pili, na kazi yake ilikuwa kuoka keki za arusi, za ubatizo na za komunyo ya kwanza. Kila keki ilimtoa jasho mara mbili. Enzi zile watu walipokuwa wakichimba kobalti chini ya vitanda vyao wenyewe, jirani yake alichimba, akachimba, hata akapita chini ya jiko la Mama Gato bila kupiga hodi. Sakafu ikazama upande mmoja, tanuri nalo likainama. Tangu hapo ilimbidi aweke mawe chini ya miguu ya tanuri kabla ya kuwasha moto, la sivyo keki ilitoka imelala kama mlevi.

“Muntu aliiba mpaka udongo ya chini ya jiko yangu,” alikuwa akisema, “na kila asubuhi iko nanisalimia na meno yote inje!”

Lakini jirani yule alimsamehe. Mwizi wa udongo anajua kwamba ni mwizi. Watu ambao Mama Gato hakuweza kuwasamehe walikuwa wengine, wasomi, wenye makoti meupe na chama chao.

Chama chenyewe kiliitwa Amicale ya Madaktari. Kilizaliwa zamani, wakati kampuni ya shaba ilipokuwa na hospitali yake, shule zake, hata unga wake wa kugawia wafanyakazi. Madaktari wachache wa mji walijipatia nyumba yenye veranda na uwanja wa tenisi, wakala kiapo cha kuangaliana kazi. Naam, kuangaliana: huyu akikosea, mwenzake amwambie. Hiyo ndiyo ilikuwa shughuli ya Amicale, na wazee wanasema waliifanya kweli. Kisha kampuni ikayumba, madaktari wakatawanyika, huyu Lubumbashi, yule ng'ambo, na chama kikabaki na nyumba, mhuri, na uwanja wa tenisi ambao mlinzi aliulima akapanda muhogo. Afadhali yule mlinzi, maana muhogo wake uliliwa. Waliobaki walijua mambo mawili tu, kumzika mwenzao na kusherehekea. Siku ya matanga ungewaona wote, hakosi hata mmoja, koti jeupe juu ya suti, nyuso za huzuni zilizopigwa pasi. Siku ya sikukuu vilevile, wake zao wakiwa wamevaa kitambaa kimoja chenye picha ya nyoka na fimbo. Lakini mpeleke mgonjwa mwenye malalamiko! Hapo ghafla mji mzima hauna daktari.

Mama Gato aliyajua hayo kwa sababu ya mume wake.

Polycarpe Kisimba alikuwa fundi wa mapampu upande wa Kingamyambo, mtu wa Lubudi, mpole, asiyeachana na redio yake ndogo. Alikuwa na ngiri. Alienda kupasuliwa kwa miguu yake mwenyewe, redio kwapani, akiwatania wauguzi kwamba wamrudishe kabla mpira haujaanza. Aliyempasua alikuwa Docteur Kalumba, ambaye madaktari wote walimwita Doyen, mkubwa wao, wa mwisho kati ya wale waliokianzisha chama. Mikono ya Doyen ilikuwa inatetemeka. Si siri hiyo. Wauguzi walimfunga vifungo vya koti, walimtilia sukari kwenye chai, walimgeuzia kurasa. Jambo moja tu hawakumwondolea mkononi, nalo ni kisu. Siku ile kisu kiliteleza kikakata utumbo. Polycarpe akavimba tumbo, akachomwa homa, akafa huku redio ikiimba juu ya kijimeza.

Muuguzi aliyemwosha ndiye aliyemnong'oneza mjane. Na mjane, kabla hata ya kuvua nguo za matanga, alishika njia hadi kwenye ile nyumba yenye veranda. Hakwenda kutaka fidia. Alitaka neno moja tu: wamwambie mzee aweke kisu chini.

Alipokelewa na rais wa Amicale, Docteur Gael Nkulu, mtu wa makamo mwenye viatu vya kung'aa, ambaye pia ndiye mwenye kliniki alimopasuliwa Polycarpe.

“Mama, pole sana, pole kabisa,” alisema Nkulu, mkono juu ya kifua. “Tutaikala, tutaangalia hii maneno. Ila tuko nangoja quorum.”

“Quorum njo nani?”

“Si muntu, mama. Ni hesabu ya bajumbe. Kama habajatimia, kikao si kikao.”

Akangoja. Akarudi, akaambiwa huyu yuko safarini, yule ana arusi ya mdogo wake. Akarudi tena, akaambiwa wametimia karibu, bado kidogo. Mara nyingine aliwakuta kabisa, wengi, wanacheka, sahani za mbuzi mezani. Nkulu akamwambia bila haya kwamba ile ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mweka hazina, haihesabiwi. Hebu fikiria! Watu walewale, viti vilevile, lakini mbuzi akiwepo mezani hawawezi kuhesabika. Mama Gato akaenda zake na hasira iliyomkaa kooni kama mfupa wa samaki, na hasira hiyo hakuimeza tena.

Mwaka ukapita, na mwingine. Kisha mambo mawili yakamwangukia wiki moja.

La kwanza lilimhusu binti yake Stéphanie. Alikuwa mjamzito wa kwanza, na mtoto amekingama tumboni. Kuzaa kwa njia ya kawaida hakukuwezekana, ikapangwa apasuliwe Jumatatu. Mume wake Swedi aliendesha malori ya tajiri mmoja msafirishaji, na tajiri yule aliwalipia watu wake matibabu mahali pamoja tu, kliniki ya Docteur Nkulu. Na mlangoni mwa kliniki hiyo, kwa herufi kubwa za bluu, lilikuwa jina la mpasuaji: Docteur Kalumba, Doyen.

La pili, utadhani ni mzaha. Docteur Nkulu mwenyewe alisimamisha gari Kasulo, mbele ya ile nyumba iliyozama, akashuka akiruka mashimo, akaagiza keki. Amicale ilikuwa inafanya jubilei Jumamosi. Alitaka keki ya ghorofa, yenye sura ya hospitali, na juu yake nyoka wa sukari aliyejizungusha kwenye fimbo. Alitabasamu, akamsifu, akamwita “mama wa mikono ya dhahabu”. Hakumkumbuka! Mwanamke aliyemngojea verandani mara zote zile, akilia mbele yake, hakumkumbuka hata sura. Kwake yeye alikuwa Mama Gato tu, kana kwamba hajapata kuwa na mume.

Mama Gato alikifuta kiti, akamkaribisha, akajikaza.

“Gato nitafanya, docteur. Ila niko na ombi. Lundi munapasula mutoto yangu, Stéphanie, bibi ya Swedi. Doyen asimuguse. Docteur Odile amupasule.”

Odile alikuwa daktari kijana wa kliniki ileile, msaidizi wa mzee, ndiye aliyekuwa akiziba kimyakimya kila alichokosea Doyen.

Nkulu alicheka kwa upole, cheko la mtu anayemwelewesha mtoto.

“Mama, Doyen ni Doyen. Bantu banakuyaka juu ya jina yake. Nikimutosha kwa kazi, kliniki itabakia na nini? Na mi nitamuambia nini, muzee wetu? Itakuwa kumukosea heshima.”

“Na mutoto yangu?”

“Tutaomba Mungu,” alisema Nkulu, akatazama saa, akaondoka akiruka mashimo.

Mama Gato alibaki amesimama mlangoni. Alitaka kumrushia sufuria. Alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, na aliogopa. Alimwita Stéphanie, akamwambia asiende. Binti akaanza kulia: “Niende wapi, mama? Wapi bengine batanipokea?” Mama Gato akapanga mawe chini ya miguu ya tanuri, akawasha moto.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wakubwa wa mji mstari wa mbele, wake za madaktari katika kitambaa cha nyoka, orkesta pembeni, mtangazaji wa sherehe mwenye koo la chuma. Na hao hapo, madaktari wote! Wa safarini walikuwa wamerudi, wenye arusi walikuwa wamemaliza. Mama Gato, amesimama nyuma ya keki yake na kilemba kipya kichwani, aliwahesabu mmoja mmoja. Quorum ndiyo hiyo, imekaa, inakunywa bia.

Docteur Nkulu alisoma hotuba. Ilikuwa ndefu, tena ya kujisifu, nusu Kifaransa, na ndani yake alisimulia jinsi baba zao walivyoanzisha chama. Alifurahia hasa desturi moja ya zamani. Kila mwaka, siku ya chama, kila mpasuaji alijaza glasi maji mpaka ukingoni, akaibeba mbele ya wenzake kutoka mlangoni hadi mezani. Aliyemwaga aliweka kisu chini, akabaki kutoa dawa na ushauri, na hakuna aliyemcheka. “Na mwenye kuandika kanuni hiyo,” alimaliza Nkulu, sauti ikipanda, “ni huyu tuliye naye, Doyen wetu!”

Makofi. Doyen, mzee mrefu mwenye mvi safi, aliinamisha kichwa. Mikono yake alikuwa ameificha chini ya meza.

Mama Gato alimtazama Nkulu, akamtazama mzee. Watu hawa wana akili gani? Wanasifu kanuni hadharani wakati yule aliyeiandika amekaa hapo anatetemeka, na hakuna anayeona aibu.

Ikafika saa ya keki. Kwetu, aliyeoka ndiye hupewa mikrofoni aieleze keki: ghorofa hii maana yake nini, rangi hii maana yake nini, nani akate kwanza. Na kukata kwenyewe hakati mtu mmoja. Kamati nzima husimama, mikono yote juu ya kisu kimoja, mmoja juu ya mwingine, wanatabasamu kwa mpiga picha, kisu kinashuka. Mwaka baada ya mwaka Amicale ilikata hivyo, na mwaka baada ya mwaka mkono wa Doyen ulikuwa chini kabisa, umefunikwa na mikono ya wenzake, umetulia tuli.

Kamati ikasogea. Mikono ikaanza kunyooshwa.

“Hapana,” alisema Mama Gato katika mikrofoni. “Leo si vile. Président ametuelezea bintu bya bazee, bilinipendeza sana. Basi hii gato ikatwe sawa bazee balikuwaka bakifanya. Muntu mumoja, mbele ya benzake bote. Mi naita Doyen. Peke yake.”

Watu wakapiga vigelegele. Waliona ni heshima. Nkulu akageuka rangi.

“Mama, hapana, kamati yote njo inakata—”

“Muniache,” alisema Doyen. Alikuwa na kiburi cha wazee. Alinyanyuka, akamsukuma kando yule aliyetaka kumshika kiwiko, akakichukua kisu.

Kisu kiligonga ukingo wa sahani, kikagonga tena, na mikrofoni ikakichukua kishindo kile ikakitangaza ukumbi mzima: ta-ta-ta-ta. Mzee akauma mdomo. Akashikilia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na sasa yote miwili ikatetemeka. Akashindilia. Ghorofa ya juu ikapasuka vibaya, ikateleza, ikaanguka na nyoka wake wote juu ya viatu vya kung'aa vya Docteur Nkulu.

Mtoto mmoja akacheka, akazibwa mdomo.

Na unajua walichofanya wale wasomi? Walipiga makofi! Nkulu alianza, krimu hadi kwenye soksi, akipaza sauti, “Bravo, Doyen! Mukono uliookoa mji!” na wenzake wakafuata, wote, safu nzima ya makoti meupe, wakipiga kwa bidii huku macho yakiwa darini, mezani, kwenye chupa, popote isipokuwa kwenye mkono ule. Docteur Odile peke yake hakupiga. Alikuwa ameinama.

Mzee hakutabasamu. Aliutazama mkono wake kama mtu anayesoma barua ya msiba. Kisha akamgeukia Mama Gato, na mikrofoni ilikuwa bado wazi kati yao.

“Mama, juu ya nini uliniita peke yangu?”

“Juu ya bwana yangu, docteur. Polycarpe Kisimba. Ule wa ngiri.”

Uso wa mzee ukafunguka. “Polycarpe? Mwenye redio? Namukumbuka bien. Si alipona! Baliniambia alirudia kwabo Lubudi, iko nalima.”

Mama Gato alikuwa amejiandaa kwa mengi: kufukuzwa, kutukanwa, kunyang'anywa mikrofoni. Hili hakulijua. Miaka yote alimchukia mzee huyu kama muuaji asiyejali, na kumbe mzee hakuambiwa. Walimwacha aendelee kukata, wakampa hadithi za kumlaza usingizi.

“Nani alikuambia, docteur?”

Doyen alimtazama Nkulu. Nkulu alikuwa anafuta kiatu.

“Iko Lubudi kweli,” alisema Mama Gato, na sauti yake ile kubwa ikamkatika. “Tulimuzika kule. Ulimukata matumbo, docteur. Nilikuya kwa hii chama yenu kulalamika, kila mara baniambia habajatimia. Na lundi, mwenye kulala pale kwa kisu yako ni mutoto yangu.”

Mzee akaweka kisu mezani, taratibu, kando ya keki iliyobomoka.

“Glasi imemwangika,” alisema. “Kanuni niliandika mi mwenyewe.” Akageuka kwa wenzake, meza moja baada ya nyingine, na alipowafikia wote akaongeza, “Na nyinyi muliona.”

Akatoka kwa mlango wa kati, bila kushikwa. Docteur Nkulu akawapungia mkono wapiga muziki, na muziki ukaanza, wa furaha kabisa, na watu wengine, Mungu awasaidie, wakainuka kucheza.

Jumatatu asubuhi Mama Gato alisimama katika korido ya kliniki na beseni la nguo za mtoto. Jina la bluu lilikuwa bado mlangoni, lakini Docteur Odile ndiye aliyekuja, amevaa tayari, macho chini.

“Weye ulijua,” Mama Gato alimwambia.

“Nilijua, mama.”

“Na ukanyamaza.”

“Nilinyamaza.”

Mama Gato hakumpa neno la kumfariji. Alienda kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akajaza glasi hadi ukingoni, akampa. Docteur Odile alielewa bila kuelezwa. Aliibeba glasi kutoka mlango wa nje hadi mlango wa chumba cha kupasulia, mbele ya wauguzi, mbele ya wagonjwa waliokaa, na hakumwaga hata tone. Mama Gato akayanywa yale maji, akamwambia, “Sawa. Ingia.”

Alipogeuka kukaa, alimkuta Docteur Kalumba kwenye benchi, amevaa shati la kawaida, mikono kati ya magoti. Hakumsalimu. Lakini benchi lilikuwa moja tu, na miguu ilikuwa inamuuma, basi akakaa upande wa pili, beseni katikati yao. Waliutazama mlango mpaka ulipofunguliwa.

“Mwanaume, mama,” alisema Docteur Odile. “Beko bazima bote babili.”

Mama Gato alipiga kelele moja ya shangwe iliyomtoa mlinzi usingizini. Alikuwa anafuta machozi kwa kilemba wakati simu ya mzee ilipolia. Ilikuwa tangazo la kamati kwa wanachama wote. Mzee aliinua simu mbali na macho yake, herufi zikimcheza mkononi, akasoma kwa sauti, polepole, labda kabla hajajua anachosoma. Amicale ya Madaktari ilikutana jana, Jumapili, katika kikao cha dharura. Wajumbe walitimia. Kwa kauli moja, na kwa ajili ya kulinda heshima ya taaluma, kamati iliamua kwamba mwanachama yeyote asiagize tena keki kwa Mama Noëlla Tshibola wa Kasulo.

Mzee aliinamisha simu, hakujua afanye nini na uso wake.

“Jumapili,” alisema Mama Gato. “Hata misa habakuenda?” Alicheka, kisha kicheko kikageuka kitu kingine na ikabidi ajishikilie kwenye beseni. “Kwa Polycarpe mulikosaka bantu, docteur. Kwa gato, mumetimia bote.”

Akabeba nguo za mtoto, akaingia kumwona mjukuu wake.